Tukisema bangi iruhusiwe, tuseme ni gramu ngapi

Kwa Mhariri,

Kila mjadala wa bangi unapozuka, pande mbili hurushiana maneno kana kwamba zinazungumzia kitu kimoja. Mmoja anasema mtu mzima ana uhuru wa kufanya apendalo nyumbani kwake. Wa pili anamjibu kwamba watoto wa shule watavuta. Wa kwanza anazungumzia sebule, wa pili anazungumzia duka. Naomba nafasi katika safu yako nieleze kwa nini sebule na duka haviwezi kuandikiwa kifungu kimoja, na ni mambo gani madogo madogo yanayosahauliwa hadi sheria inapofika mikononi mwa polisi.

Neno “kuhalalisha” limebebeshwa mizigo mitatu. Kuna kumwondolea mtu mzima kosa la jinai kwa anachotumia faraghani. Kuna kuliacha kosa likiwa kosa lakini bila gereza, kama Ureno ilivyofanya mwaka 2001: anayekamatwa na majani yasiyozidi gramu 25 hapelekwi kwa hakimu wa jinai, anafika mbele ya jopo dogo lenye watu wa sheria, afya na ustawi wa jamii. Na kuna biashara kamili yenye leseni, kodi na duka, kama Canada tangu tarehe 17 Oktoba 2018. Hoja ya uhuru wa mtu binafsi inafaa mzigo wa kwanza tu. Hakuna haki ya kikatiba ya kufungua duka la bangi. Anayetaka duka alete hoja ya uchumi, nayo ipimwe kama uchumi.

Mfano ulio wazi zaidi Afrika ni wa Afrika Kusini. Gareth Prince, Mrasta aliyesomea sheria, alinyimwa nafasi ya kuingia uwakili kwa sababu alikiri kwamba anavuta na kwamba ataendelea kuvuta. Alikwenda Mahakama ya Katiba kwa hoja ya uhuru wa dini, akashindwa mwaka 2002 kwa majaji 5 dhidi ya 4. Miaka baadaye alirudi pamoja na wenzake, safari hii kwa hoja ya faragha. Mahakama Kuu ya Western Cape ikawakubalia Machi 2017, na tarehe 18 Septemba 2018 Mahakama ya Katiba, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Raymond Zondo bila jaji hata mmoja kupinga, ikasema vifungu vinavyomwadhibu mtu mzima kwa kutumia, kumiliki au kupanda bangi mahali pa faragha kwa matumizi yake mwenyewe vinakiuka kifungu cha 14 cha katiba yao.

Wanaharakati wa kwetu wayatazame mambo mawili hapo. La kwanza, dini ilishindwa pale faragha iliposhinda. Hapa Kenya, jumuiya ya Warasta ilifungua kesi Mahakama Kuu mwaka 2021 kupinga kifungu cha 3 cha Sheria ya Dawa za Kulevya ya mwaka 1994, kinachoadhibu kumiliki bangi, na katiba yetu ina ibara zote mbili: ya 31 ya faragha na ya 32 ya dini. Anayeegemea dini peke yake anamwomba jaji ampe Mrasta kibali ambacho jirani yake hana, na jaji atauliza mara moja: polisi atamtambuaje Mrasta wa kweli, kwa nywele? La pili, majaji wa Afrika Kusini waliacha kununua na kuuza kuwe kosa. Waliulizwa kuhusu kununua, wakakataa.

Kukataa huko ndiko kulikozaa kitendawili ambacho mashabiki wa hukumu hiyo hawapendi kukitaja. Ruksa kupanda, marufuku kununua. Mbegu ya kwanza itatoka wapi? Wajerumani walilijibu swali hilo katika sheria yao iliyoanza tarehe 1 Aprili 2024: mbegu zinaweza kuagizwa kutoka nchi za Umoja wa Ulaya, na klabu za wakulima zinaruhusiwa kumpa mtu mbegu zisizozidi 7 au vipandikizi visivyozidi 5 kwa mwezi. Uruguay, iliyopitisha sheria yake Desemba 2013, ilimtaka mtu ajisajili na kuchagua njia moja kati ya tatu: kupanda nyumbani miche isiyozidi 6, kujiunga na klabu ya watu 15 hadi 45, au kununua kwenye duka la dawa gramu zisizozidi 10 kwa wiki. Mswada usiotaja mbegu unamrudisha mtu kwa muuzaji yule yule aliyetakiwa kuachwa.

Sheria yetu ina kasoro iliyo kinyume cha hiyo. Baada ya marekebisho ya mwaka 2022, anayeiridhisha mahakama kwamba bangi aliyokutwa nayo ilikuwa ya matumizi yake mwenyewe tu anakabiliwa na kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi Sh100,000. Lakini anayepanda anaangukia kifungu cha 6, ambacho faini yake ni Sh250,000 au mara tatu ya bei ya mmea sokoni, ile iliyo kubwa, au kifungo kinachoweza kufika miaka 20, au vyote viwili. Mwenye shamba aliyeruhusu ipandwe naye yumo. Kwa hiyo anayenunua msokoto kichochoroni na kumtajirisha muuzaji yuko salama zaidi kuliko anayeotesha mche mmoja nyuma ya jiko na asimpe mtu yeyote. Sidhani kama kuna mbunge aliyekusudia hivyo.

Tena litazameni neno “anayeiridhisha”. Mzigo wa kuthibitisha umewekwa mgongoni mwa mshtakiwa. Kijana aliyekamatwa na misokoto mitatu usiku wa Ijumaa, asiye na wakili, Jumatatu anasomewa shtaka na kukiri ili amalizane nalo. Akishakiri, nani atasimama kuiridhisha mahakama kwamba misokoto ilikuwa yake tu? Vitu vinavyotofautisha mvutaji na muuzaji vinajulikana: bangi imefungwa vifurushi vingapi na je, vinalingana uzito, kuna mizani ndogo, kuna karatasi nyingi zilizokatwa tayari, kuna fedha za noti ndogo ndogo. Hati ya mashtaka inayosema “misokoto mitatu” bila hata kimoja cha hivyo haimsaidii hakimu kujua anahukumu nini.

Hapo ndipo gramu zinapoingia, na hapo ndipo miswada huharibika.

Namba katika sheria inaweza kufanya kazi ya aina mbili. Inaweza kuwa kinga: chini ya gramu kadhaa polisi hana ruhusa ya kukamata. Au inaweza kuwa mtego: juu ya gramu kadhaa unahesabiwa muuzaji hadi uthibitishe vingine. Afrika Kusini ilikuwa na mtego huo. Aliyekutwa na zaidi ya gramu 115 za bangi alidhaniwa kuwa mfanyabiashara, na Mahakama ya Katiba ikaufuta mwaka 1995 katika kesi ya Bhulwana kwa sababu ulimwondolea mshtakiwa haki ya kudhaniwa kuwa hana hatia. Wabunge wetu wakiandika namba, waiandike kama kinga. Juu ya namba hiyo, upande wa mashtaka bado uthibitishe kwamba kulikuwa na biashara.

Namba yenyewe inapima nini? Bangi mbichi ni maji matupu. Canada imeandika wazi kwamba gramu 1 ya bangi kavu ni sawa na gramu 5 za mbichi. Basi sheria ikisema “gramu 50” na kunyamaza, mwenye gramu 50 za mbichi ana kavu ya gramu 10 hivi, labda misokoto 20 hadi 30, na mwenye gramu 50 za kavu ana misokoto zaidi ya 100, nao wako sawa mbele ya sheria. Chakula kinazidi kuvuruga hesabu. Katika jedwali hilo la Canada, gramu 15 za chakula chenye bangi zinahesabiwa gramu 1 ya kavu. Keki ya gramu 900 inageuka gramu 60, ilhali kikomo cha kubeba hadharani ni gramu 30. Na hiyo ni nchi yenye jedwali. Pasipo jedwali, polisi ataweka keki nzima kwenye mizani, unga na sukari na mayai, na kuandika uzito huo kwenye shtaka.

Hata mmea wenyewe, ni sehemu gani inapimwa? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 unasema bangi ni vichwa vya maua au matunda vya mmea huo ambavyo utomvu wake haujatolewa. Mbegu na majani yasiyoambatana na vichwa hayamo. Lakini shehena inapokamatwa, mara nyingi hupimwa na vijiti, mizizi na gunia lake. Halafu linakuja tatizo ambalo mawakili wa utetezi wanalijua vizuri. Mmea mbichi uliopimwa kilo 10 siku ya kukamatwa unafika mahakamani baada ya miezi ukiwa kilo 2 na ushei. Wakili anauliza karibu kilo 8 zimekwenda wapi, na askari hana jibu ila kusema zilikauka. Mara nyingine ni kweli zilikauka. Mara nyingine hakuna anayejua. Kielelezo kibichi kikifungwa kwenye mfuko wa plastiki huota ukungu na kuoza; kinatakiwa kuwekwa kwenye mfuko wa karatasi, kitiwe lakiri, kisainiwe na mshukiwa papo hapo, kipimwe mbele yake, na sampuli ichukuliwe kwa mkemia wa serikali mapema. Kila mkono uliokipokea uandikwe jina, tarehe na saa. Mnyororo ukikatika hata kiungo kimoja, kesi ya mfanyabiashara mkubwa inaanguka, na wanaobaki jela ni wale waliokiri misokoto yao mitatu.

Kuhesabu miche nako kuna hila. Bangi ina mche dume na mche jike, na cha kuvuta hutoka kwa jike ambalo halijachavushwa. Mkulima hawezi kuzitofautisha jinsia kwa macho hadi dalili za maua zitokeze, kwa hiyo anayetaka majike matatu hupanda mbegu sita au zaidi na kung’oa madume baadaye. Sheria inayosema “miche mitatu” inamfanya mhalifu kwa mwezi mmoja na nusu wa mwanzo. Mswada wa Afrika Kusini wa mwaka 2020 ulilikwepa hilo kwa kuhesabu miche iliyochanua tu, minne kwa mtu mzima mmoja na minane kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi. Sheria iliyotiwa saini tarehe 28 Mei 2024 haikuweka namba, ilimwachia waziri azitunge katika kanuni, na ndiyo maana hata baada ya saini watu waliendelea kuuliza mwisho ni wapi.

Wajerumani walikwama mahali pengine. Wanaruhusu miche 3 na akiba ya gramu 50 nyumbani. Mche mdogo wa ndani ya nyumba unaweza kutoa gramu 30 hadi 100 za kavu. Mche wa nje kwenye jua na udongo mzuri unaweza kupita mara kadhaa ya hizo. Anayevuna miche yake mitatu kwa siku moja huvuka kikomo cha akiba kwa kufuata sheria tu, na anatakiwa aharibu kinachozidi. Kwetu karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hulingana mwaka mzima na mmea ukiachwa huwa mti, kasoro hiyo itakuwa kubwa zaidi. Afadhali kikomo kiwekwe kwenye eneo la kitalu, kwa mita za mraba, kuliko kwenye idadi ya miche.

Nije kwenye mkojo. Waajiri wengi na baadhi ya shule hupima mkojo na kuyachukua majibu kama ushahidi wa ulevi. Sivyo. Kipimo cha mkojo hakitafuti THC yenyewe, ile inayolewesha. Kinatafuta mabaki yake baada ya ini kuivunja, na mabaki hayo hutoka polepole kwa sababu THC hujificha kwenye mafuta ya mwili. Aliyevuta mara moja anaweza kuonekana kwa siku 3 hivi. Anayevuta kila siku anaweza kuonekana hadi mwezi mzima baada ya kuacha. Damu ni kinyume: THC hupanda ndani ya dakika chache za kuvuta na kushuka sana ndani ya saa 2 hadi 4. Aliyekula badala ya kuvuta hukaa nusu saa hadi saa 2 bila kuhisi kitu, akadhani kipande hakikuwa na nguvu, akaongeza cha pili. Baadhi ya wanaokimbizwa hospitali moyo ukiwaenda mbio ni hao.

Kwa dereva, basi, kipimo ni damu. Ujerumani imeweka nanogramu 3.5 za THC kwa mililita. Canada, aliye na 2 hadi chini ya 5 ana kosa dogo na kuanzia 5 ana kosa kubwa, na akichanganya na pombe kikomo hushuka. Tahadhari lakini: namba ya Ujerumani inapimwa kwenye majimaji ya damu baada ya chembe kutolewa, ya Canada kwenye damu nzima, na kipimo cha kwanza huja karibu mara mbili ya cha pili. Atakayezinakili bila kujua hilo atadhani namba ya Ujerumani iko katikati ya zile mbili za Canada, kumbe ikigeuzwa kuwa ya damu nzima iko chini kidogo ya 2. Na namba yoyote inahitaji mtu wa kutoa damu haraka. Dereva wa matatu aliyekamatwa Mtito Andei saa nne usiku, akitolewa damu asubuhi Mombasa, huenda akaonekana safi.

Wapinzani wanauliza kuhusu watoto, na wana haki. Kati ya wanaojaribu bangi, takribani 1 kati ya 10 huwa mtegemezi, na kwa wanaoanza wakiwa chini ya miaka 18 ni kama 1 kati ya 6. Ndiyo sababu nchi nilizozitaja zilizoruhusu bangi zimeweka umri, na hoja ya faragha yenyewe ni ya mtu mzima. Ila kumlinda mtoto si kumfunga. Tarehe 29 Septemba 2022 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilisema mtoto asishtakiwe kwa jinai kwa kumiliki au kutumia bangi. Apelekwe kwa watu wa ustawi wa jamii. Aliyemuuzia ndiye wa kushtakiwa.

Linalonitia wasiwasi zaidi kuliko watoto, kwa sababu halizungumzwi, ni nyumba zetu. Faragha ya mwenye bangaloo na ua wa miti si faragha ya mpangaji wa chumba kimoja Mathare au Kisauni, ambaye ukuta wake ni bati na moshi wake unapita darini hadi kwenye kitanda cha mtoto wa jirani. Kifungu cha 5 cha sheria yetu kinamgusa hata aliyekutwa tu kwenye nyumba wanamokutana wavutaji, na mwenye nyumba aliyewaachia. Kukifuta chote ni kumwondolea jirani kinga. Kukiacha chote ni kumfanya mke wa mvutaji mshukiwa ndani ya chumba chake mwenyewe. Klabu haitibu hilo peke yake: za Ujerumani, zenye hadi wanachama 500, zinagawa bangi lakini haziruhusu ivutwe humo. Ningependa kuona kifungu kinachompa jirani haki ya kulalamika kuhusu moshi kama anavyolalamika kuhusu kelele, kesi ya madai isiyo na pingu.

Kuhusu mikataba ya kimataifa nitakuwa mfupi, kwa sababu imegeuzwa kisingizio. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1988 kuhusu dawa za kulevya, kifungu cha 3(2), unazitaka nchi zifanye umiliki wa matumizi binafsi kuwa kosa, lakini unaanza kwa kusema hilo linategemea misingi ya katiba ya nchi yenyewe. Mahakama ikisema katiba inalinda sebule, mkataba haujavunjwa. Duka la biashara halina mlango kama huo. Uruguay iliyaona: maduka yake ya dawa yalipoanza kuuza Julai 2017, benki ziliyatishia kufunga akaunti zao kwa kuogopa sheria za fedha za Marekani.

Hivyo ahadi za mwaka 2022, kwamba bangi italipa deni la taifa, zisichanganywe na uhuru wa mtu. Aliyezitoa, mgombea urais George Wajackoyah, hakufika asilimia 1 ya kura, ingawa wengi walizishangilia. Kenya imewahi kuhalalisha kinywaji kilichopigwa marufuku: mwaka 2010 chang’aa iliruhusiwa, mradi ipikwe kwa viwango na ifungwe kwenye chupa. Mama pima, yule anayeuza chang’aa mtaani, hakuwa na fedha za kiwanda wala za maabara. Alibaki kwenye mtungi wake, polisi akabaki kwenye mlango wake, na watu wameendelea kufa kwa pombe haramu. Leseni ya bangi itakayodai uzio, kamera na maabara itampita hivyo hivyo mkulima wa eka moja.

Kwa wanaoandika miswada: jedwali la uzani wa kavu, mbichi na chakula liwe kiambatisho cha sheria yenyewe, si kanuni ya kuja baadaye. Na kila kituo cha polisi kipewe mizani inayosoma gramu moja, iliyokaguliwa na idara ya vipimo, kabla ya tarehe ya sheria kuanza. Mizani ya kupimia gunia haiwezi kumtofautisha mwenye gramu 24 na mwenye 26.

Wasalaam,
Msomaji, Mombasa